Kitufe cha Salamu

Programu niliiandika mimi mwenyewe. Naanza hapo kwa sababu hapa Kasongo kuna watu, siwataji, wanaosema niliinakili kwenye simu ya mtu wa Bukavu. Waongo. Niliiandika mstari kwa mstari ndani ya kibanda changu cha kutengeneza simu, miezi minne, betri ya jua ikizimika kila wingu lilipopita. Kila neno linalotokea kwenye kioo chake ni la Kiswahili, na mengine yana vina. Nionyesheni programu nyingine yenye vina.

Kazi yake ni kupima filamu ya picha nyeusi na nyeupe, ile ya zamani ya kuzungushwa ndani ya kamera. Unapiga picha ya kitu kimoja mara sita, kila mara kwa mwanga tofauti. Unausafisha ukanda huo kwenye dawa kwa dakika fulani. Ukikauka, unauweka juu ya kioo cha simu kinachowaka, simu ya pili inautazama kutoka juu, na programu inahesabu weusi wa kila picha na kuchora mstari. Ukanda mwingine, dakika nyingine, mstari mwingine. Mwishoni unailinganisha mistari yote, na programu inakuambia filamu hii inataka dakika ngapi.

Mtu ataniuliza, mwaka huu nani bado anahangaika na filamu? Jibu ni Koko Mathilde, mama wa mama yangu.

Mwaka wa sabini na moja Koko Mathilde na wadogo zake watatu walipigwa picha pamoja, wasichana wanne wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, mikono imekunjwa kama askari. Aliyewapiga alikuwa Yakubu, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa amefungua studio juzijuzi. Picha ile iko ukutani kwa Koko mpaka leo. Halafu wadogo zake wakaolewa, mmoja Kabambare, mmoja Nyangwe, mmoja Salamabila. Barabara zetu mnazijua. Miaka thelathini na moja ilipita bila wote wanne kukaa kwenye mkeka mmoja.

Mwaka huu wakakutana, kwa harusi ya binamu yangu. Siku ya pili yake Koko Mathilde akasimama katikati ya ua.

"Tutapiga picha ya pili. Mutu ni yuleyule, kamera ni ileile, na kila mutu asimame pale alisimama."

"Koko," nikamwambia, "simu yangu inapiga picha nzuri kuliko..."

"Ya simu sitaki. Ya simu mutu anafuta na kidole."

Mzee Yakubu bado yuko, na studio yake bado iko, mlango wa tatu kutoka kibanda changu. Siku hizi anapiga picha za pasipoti kwa kamera ndogo, akilalamika. Jicho lake moja limeingia ukungu. Lakini ndani ya kopo la maziwa, lililojazwa mchele mkavu ili unyevu usiingie, alikuwa amehifadhi filamu mbili za mwisho. Muda wake ulikwisha miaka kumi na sita iliyopita.

Filamu ya kwanza aliwapigia wale dada wanne. Picha nane, mwanga mwingi, kwa sababu filamu iliyozeeka haioni vizuri. "Kama mimi," alisema. Kesho yake wakarudi makwao. Koko Marcelline, yule wa Kabambare, alipopanda pikipiki aliapa mbele ya watu wote kwamba akifika salama, hapandi tena kitu chenye magurudumu mawili mpaka wamzike.

Kwa hiyo picha ile haikuwa ya kurudiwa. Mwanga ulikuwa umekwisha kuingia kwenye filamu. Kilichobaki ni dakika za dawa. Zikiwa chache, nyuso zinatoka hafifu kama moshi. Zikizidi, zinaungua. Na dakika za filamu iliyokufa miaka kumi na sita hakuna aliyezijua, hata Mzee Yakubu.

"Malenga," aliniita. Ananiita malenga kwa dhihaka, lakini mimi naipokea kama cheo. "Hiyo mashini yako inayotunga mashairi, inaweza kunipatia dakika?"

"Inaweza, Mzee. Nipe filamu ya pili niikate vipande."

"Ukiharibu?"

"Sitaharibu."

Nilisema hivyo mbele ya Faridah, mjukuu wake, anayefundisha kemia kwenye sekondari. Faridah akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu kabla ya kusikia swali.

*

Tukatundika ukutani vitu vitatu: kanzu nyeupe ya Mzee, blanketi la kijivu, na gunia la makaa. Picha thelathini na sita, yaani vipande sita vya picha sita sita. Mpango wangu ulikuwa rahisi: kipande cha kwanza dakika tano, cha pili sita, cha tatu saba, hivyohivyo mpaka kumi.

Filamu inaingizwa kwenye kopo lake la kusafishia ndani ya chumba cha giza, na hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Mzee, isiyohitaji macho. Kopo likishafungwa halipitishi mwanga, hata ukimimina dawa mdomoni mwake, na chumba kile kina joto la tanuri, basi mimi nilikaa mbele ya studio, kwenye benchi, nikimimina dawa na kulitikisa kopo huku programu ikihesabu.

Sasa, mtu akikaa kwenye benchi pale barabarani, watu wanapita. Na mtu mzima akipita na kusimama, huwezi kumsalimu huku unatikisa kopo kama mwendawazimu. Unasimama, unampa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, unauliza ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya safari. Mimi ni mtoto niliyelelewa. Tena hilo nililiwaza tangu naandika programu, nikaweka kitu ambacho, naapa, hakimo kwenye programu ya Mzungu yeyote: kitufe cha kijani kilichoandikwa SALAMU. Mgeni akija, unakibonyeza, saa inasimama. Akienda, unabonyeza tena, saa inaendelea. Na saa ikiwa imesimama, kioo kinaonyesha maneno haya niliyoyatunga:

Salamu ni haki yao, subiri wakisalimu,
Dawa itangoja nao, hadi ziishe salamu.

Hesabuni mizani. Nane, nane, nane, nane.

Nilikitumia vizuri. Kwenye kipande cha pili alikuja Mama Dieudonnée, anayeuza mchele. Kwenye cha tatu akaja Papa Emile, mwenye pikipiki ya kubeba watu kati ya Kabambare na hapa, ndiye aliyemleta Koko Marcelline na kumrudisha. Papa Emile hasalimu tu, anasimulia. Kwenye cha nne ilinyesha mvua, hakuja mtu. Kwenye cha tano akaja katekista Pierre. Cha mwisho, watu walikuwa sokoni.

Jioni nikaketi na vipande sita vilivyokauka, na programu ikachora mistari yake. Nikashangaa. Nilitegemea ngazi: kila dakika ikiongezeka, weusi unapanda kidogo. Ngazi haikuwepo. Kipande cha tatu, cha dakika saba, kilikuwa kizuri kuliko vyote: kanzu nyeupe, blanketi la kijivu, gunia jeusi lenye nyuzi zinazoonekana. Kipande cha tano, cha dakika tisa, kilifanana nacho kama pacha. Lakini cha nne, cha dakika nane, kilikuwa hafifu. Cha dakika kumi nacho kilikuwa nyuma ya kile cha saba!

"Filamu imeoza kwa madoa," nikatangaza. "Sehemu moja nzima, nyingine mbovu. Ndiyo uzee."

"Au maji," akasema Faridah.

"Maji nilipima, digrii ishirini na nne kila mara. Andika kwamba kosa ni la filamu."

"Na mashini inasema dakika ngapi?" akauliza Mzee.

Programu nilikuwa nimeifundisha ichague muda mfupi kuliko yote unaotoa picha safi, kwa sababu filamu nzee ikikaa sana kwenye dawa inaingia ukungu. Ikachagua. Kwenye kioo ikaandika: SABA.

"Basi ni saba," akasema Mzee Yakubu. "Kesho tunawasafisha hao wasichana."

Akasema hivyo bila shaka hata kidogo, na mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

*

Asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Mzee alikuwa ameshaingiza filamu ya dada wanne kwenye kopo, kifuniko kimekazwa. Dawa ilikuwa kwenye chupa, digrii ishirini na nne, nayo ilikuwa ya mwisho ya filamu. Pakiti nyingine iko Bujumbura. Nikaweka saa ya programu kwenye dakika saba. Faridah alikuwa amesimama mlangoni na kitabu cha wanafunzi wake, akisahihisha huku akitazama. Nikainua chupa.

"Hodi hapo!"

Papa Emile. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, Papa Emile." Nikaiweka chupa chini. Mikono miwili, kiwiko, nyumbani, watoto.

"Salama kabisa. Ooo, bado uko na ile kopo? Mutoto huyu anajua heshima, Mzee Yakubu, minakuambia! Jana nilikuta anaitikisa hivi, hivi, na alivyoniona tu, akaiweka chini. Nikamweleza safari yote, tangu mnyororo ulipokatika mpaka kuvuka mto Luama, namna Mama Marcelline alinipiga na mwavuli kichwani. Yote! Akasikiliza mpaka mwisho. Vijana wengine hawana hiyo."

"Ni malezi," nikasema.

Kalamu ya Faridah ikasimama.

"Uliiweka chini," akasema. "Na dawa ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa ndani, ndiyo. Lakini saa niliisimamisha." Nikamwonyesha kitufe cha kijani. Nikakibonyeza ili asome na shairi.

Akasoma. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Bruno. Saa uliisimamisha kwa kitufe. Dawa je, uliisimamisha kwa kitu gani?"

Nikafungua kinywa kumjibu. Nilikuwa na jibu; mimi huwa nina jibu. Nikasema dawa bila kutikiswa haifanyi kazi. Akasema inafanya kazi, polepole kidogo, lakini inafanya, haikai ikisubiri Papa Emile avuke Luama. Nikasema yeye ni mwalimu wa kemia ya ubaoni. Akasema ubao huo hata mimi nilikaa mbele yake miaka mitatu. Nikasema, kwa sauti ya juu ambayo mpaka Mama Dieudonnée aliisikia kwenye mchele wake, kwamba programu yangu imeandikwa na mtu aliyejifunza peke yake, bila ubao, bila mwalimu, na haijawahi kukosea.

Mzee Yakubu alikuwa amelishika kopo la filamu kifuani, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Malenga," akaniuliza, "mimi sioni vizuri. Niambie wewe. Nimimine, au nisimimine?"

Nikatoka nje. Nikatembea mpaka kibandani kwangu, nikagusa kufuli, nikarudi. Kati ya milango mitatu ile niliwaona akilini dada wanne wametoka hafifu kama moshi, na Koko Mathilde akitundika moshi ule ukutani, karibu na picha ya sabini na moja, bila kuniambia neno. Hilo ndilo lingeniua. Akinitukana ningeweza kumjibu.

"Usimimine," nikasema. "Mwalimu ana haki. Kosa si la filamu, ni langu."

Sijui kama mnajua uzito wa sentensi hiyo. Papa Emile alivua kofia.

"Sasa tufanye nini?" akasema Faridah, na safari hii hakucheka. "Filamu ya kupimia imekwisha. Na wewe hujui ulizungumza na watu dakika ngapi."

Hapo ndipo damu yangu iliporudi. Kwa sababu mimi, mabibi na mabwana, siandiki programu ovyo. Kila kitufe kinapobonyezwa, programu inaandika saa, dakika na sekunde. Salamu zote zilikuwa zimehifadhiwa! Nikaifungua orodha mbele yao. Mama Dieudonnée, dakika moja. Katekista Pierre, dakika mbili. Papa Emile, dakika nne na sekunde tatu.

"Nne tu?" akasema Papa Emile. "Na mwavuli ndani?"

"Na mwavuli ndani."

Tukajumlisha. Kipande cha dakika saba kilikuwa kimekaa kwenye dawa dakika kumi na moja. Pacha wake, cha tisa, na salamu mbili za Pierre: kumi na moja! Cha mvua kilibaki nane, na ndiyo maana kilikuwa hafifu. Cha sokoni kilibaki kumi, hatua moja nyuma ya mapacha, pale hasa kilipotakiwa kuwa. Nikaziingiza dakika mpya, nikaiambia programu ichore tena, na mistari ile ikapanda kwenye kioo mmoja juu ya mwingine, ngazi safi kabisa. Nikamsomea Mzee, mstari kwa mstari. Filamu haikuwa imeoza popote. Ilikuwa imepima salamu za Kasongo bila kukosea.

Kioo kikaandika: KUMI NA MOJA.

"Kumbe mimi ndiye nilisafisha ile nzuri," akasema Papa Emile.

*

Dakika kumi na moja bila kusimama, kwenye benchi lile, katikati ya asubuhi. Tulijipanga. Papa Emile akasimama barabarani kushoto, awasalimu wote wanaotoka upande huo kwa niaba yangu, kazi aliyoifurahia. Faridah akasimama kulia. Nikafunga benchi kwa kamba ili watu wasiketi. Nikamimina dawa, nikaanza kutikisa, saa ikaanza.

Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisikia Papa Emile akimweleza mtu kuhusu mnyororo. Ya tano. Ya sita. Mkono ulianza kuuma, sikujali.

Dakika ya saba, kutoka nyuma ya studio, kwenye njia ya uani ambayo hatukuiwekea mtu, akatokea Koko Mathilde na fimbo yake.

"Bwana yangu!"

Koko ananiita bwana yangu tangu nilipozaliwa, na mimi namwita bibi yangu, na anapofika lazima niinuke, nimpe mikono miwili, nimuulize kama amelala vizuri bila mimi. Asipopata hivyo ananuna mpaka kesho. Akasimama mbele yangu, akaunyosha mkono.

"Bibi yangu," nikasema, nikitikisa. "Umelalaje?"

Mkono wake ukabaki hewani. Akautazama. Akanitazama.

"Iko nini? Umepata mwanamuke mwingine, sasa mukono wangu unakuunguza?"

"Koko, ninyi wanne mko humu ndani. Nikisimama, mnaharibika."

"Sisi wanne tuko humo?"

"Nyote."

Akafikiri. Faridah alikuwa amegeuka kule barabarani, ngumi mdomoni. Saa ilisema dakika nane na nusu. Halafu Koko akaiegemeza fimbo kwenye benchi, akasogea, akaukamata mkono wangu wa kulia pamoja na kopo, kwa mikono yake yote miwili, akaanza kunisalimu. Hakuna namna nyingine ya kueleza. Kopo lilikwenda juu, mikono yetu ikaenda juu. Kopo likageuka chini, naye akainama nalo, bangili zikilia.

"Nyumbani salama?"

"Salama, Koko."

"Mama yako?"

"Mzima."

"Ile shati yako chafu, nani anafua?"

"Mimi mwenyewe, Koko."

"Ndiyo maana."

Aliniuliza habari za watu ambao mimi sikuwajua, na wengine waliokwisha kufa, na sidhani kama aliacha kutikisa hata mara moja. Programu ilipolia dakika kumi na moja bado tulikuwa kwenye habari za shamba la Nyangwe. Nikamwaga dawa, nikamimina maji, nikamimina dawa ya pili inayoizuia picha isififie, na hapo ndipo nilipokaa chini.

Usiku ule nilikifungua tena kitufe cha salamu. Sikukifuta, kitu chenye sifa hakifutwi. Sasa ukikibonyeza, saa haisimami. Inaandika tu nani amekuja na amekaa muda gani, na kioo kinasema hivi:

Itika huku watenda, mkono ukitikisa,
Dakika zinazokwenda, hakuna wa kuzinasa.

Lakini hayo ni ya usiku. Mchana ule Mzee Yakubu aliitoa filamu kwenye kopo, ndefu, inang'aa kwa maji, akampa Faridah aishike juu kwenye mwanga wa mlango, kwa sababu jicho lake lisingemtosha.

"Wako humo?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya kunidhihaki.

"Wako wote, Babu," akasema Faridah. "Naona mpaka mikunjo ya mikono. Naona na mwavuli wa Koko Marcelline."

Mzee akanitafuta kwa mkono, akanipata begani, akauacha hapo.

Koko Mathilde alisogea chini ya filamu, akainua kidevu. Kwenye filamu, mnajua, kila kitu kinageuka: cheusi kinakuwa cheupe, cheupe kinakuwa cheusi. Nilikuwa najiandaa kumweleza, kwamba picha yenyewe itatoka kwenye karatasi, avumilie siku mbili. Hakunipa nafasi. Alikuwa anahesabu kwa kidole, bila kugusa: Marcelline, wa Nyangwe, wa Salamabila, yeye. Nywele zao nyeupe, za bibi wote wanne, zilikuwa nyeusi tititi.

"Bruno," akasema polepole. Hakuniita bwana yangu. "Hivi ndivyo tulikuwa."

"Koko, ngoja karatasi, itageuka tena iwe..."

"Igeuke ya nini? Nani amekuomba ugeuze?" Akaichukua fimbo yake. "Hiyo ya karatasi wape wadogo zangu. Mimi munitundikie hii."

Ndiyo iliyoko. Ukifika kwake utaiona, ndani ya vioo viwili karibu na dirisha, picha moja iliyokatwa kwenye filamu, ndogo kuliko kidole gumba. Kuitazama vizuri inabidi usogee karibu sana na ukuta, na Koko atakushika mkono kwa mikono miwili na hatakuachia mpaka uwe umezitazama nywele zote.